Mkono Uliohariri Kabari

Kioo cha mtambo wa kukereza chuma kilimruhusu Tusekile kusoma, kikamkatalia kuandika. Kila alipogusa mstari ili aufute, maandishi yaligeuka kijivu na chini yake yakatokea maneno yale yale: Weka mkono. Akauweka wake, ingawa alijua anajisumbua bure. Kibao cha pembeni kikaupapasa kwa mwanga wake wa kijani, kisha kikajibu: Mkono haujaandikishwa. Kusoma tu.

Basi akasoma. Tangu habari za ajali zifike karakana hakuwa amefanya kingine, akiipandisha programu na kuishusha kwa kidole, na sasa alishajua kilichotokea tangu mwanzo hadi mwisho. Kujua hakukumsaidia kitu. Mume wake alikuwa ananing'inia ndani ya shimo, na yeye amesimama mbele ya mistari michache ambayo angeifuta kufumba na kufumbua, kama angeruhusiwa.

Mistari yenyewe ilikuwa na alama ya mkwaju (/) mwanzoni. Mahali pengine popote mstari mbovu hufutwa, mambo yakaisha. Katika Mji wa Mvuke hakuna aliyefuta kitu. Mji ule ulichimbwa ndani ya mlima, ghorofa zake zikienda chini badala ya kwenda juu, na uhai wa watu wake ulitegemea vizimba vya kupandia na kushukia. Zamani kizimba kimoja kilianguka kwa sababu mtu aliyekaa kwenye kiti laini alibadilisha tarakimu moja ya programu, na mwenye kosa alipotafutwa, kila mwenye ofisi alisema yeye alihariri kidogo tu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Mkono. Mkono uliohariri programu ya kifaa cha usalama ndio utakaokaa kwenye kiti cha majaribio siku kifaa kikijaribiwa kwa mara ya kwanza, na winchi yenyewe haifunguki mpaka kibao cha kitini kiutambue mkono ule ule. Kila mtu aliisifu sheria hiyo, na karibu kila mtu akakataa kuandikisha mkono wake.

Lakini kazi hazingoji, na wakerezaji wana akili za kujiokoa. Waligundua kwamba sheria haikuuhesabu mkwaju kuwa ni kuhariri, kwa kuwa haubadilishi neno lolote, na mtambo uliupokea bila kudai mkono. Ukiweka mkwaju mbele ya mstari na kuwasha swichi ya kuruka, mtambo unaupita mstari huo kama haupo. Miaka ikaenda, mikwaju ikaongezeka, na nusu ya programu ikawa imelala ndani ya mtambo ikilindwa na swichi moja nyekundu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Juzi mafundi wa umeme walibadilisha kadi ya mtambo iliyoungua. Kadi mpya haikuijua swichi ile. Taa yake iliwaka kama kawaida, na hakuna aliyeuliza.

Mistari iliyolala ikaamka. Ilikuwa ya enzi za reli laini, ikakata meno mafupi kwenye kabari zote mpya, yaani vile vipande vya chuma vinavyoing'ata reli waya wa kizimba ukikatika. Aliyebonyeza kitufe cha kuanzia alikuwa Tusekile. Alipima upana, ukawa sawa, na meno hakuyapima kwa sababu hakuna aliyewahi kuyapima. Kabari zikafungwa kwenye kizimba cha zamu na kwenye kizimba cha uokoaji pia, na zile kuukuu zikatupwa tanuruni. Asubuhi waya ukakatika. Kabari ya upande mmoja ikashika, ya upande wa pili ikateleza, na kizimba cha zamu kikabaki kimeinama kwenye sehemu ya joto, Lusajo na wenzake wakiwa ndani.

Simu ya shimoni bado ilifanya kazi. Lusajo alikuwa ameongea naye mara moja, kwa sauti ya mtu anayejitahidi asimtishe mkewe. Alimwambia joto linapanda na kwamba kabari iliyoshika inalia. Kisha akamuuliza kama baba yake amekula.

Mkaguzi wa shimo, Bi Sekela, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, aliingia karakana akasimama nyuma yake. Akaeleza kwamba kizimba cha uokoaji ni kizima na kinangoja kabari tu. Mtu mwenye mkono ulioandikishwa kutoka nje ya mlima asingefika kabla ya kesho, na wale waliomo shimoni hawakuwa na kesho.

"Hapa kwenu umebaki mkono mmoja," alisema.

Tusekile akajibu kwamba anajua. Mkono huo ulikuwa wa baba mkwe wake, Mzee Asajile. Wote wawili walijua mzee yule amekuwaje siku hizi.

*

Kwa miaka mingi Mzee Asajile alikuwa msimamizi wa karakana, mtu ambaye akikohoa mlangoni hata watu wasio na kosa wanajipangusa mikono. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Za zamani zilibaki imara, za leo hazikukaa. Tusekile alimkuta kitandani akimenya ndizi na kuzitumbukiza kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeiteleka.

Alisimama mlangoni, macho yake kwenye sufuria. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa kale mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hamgusi. Huko ndani ya mlima mengi yalikuwa yamelegezwa, lakini hilo kwa wale wawili lilikuwa bado. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja walizungumza wakitazama kioo cha mtambo, yeye akiuliza kwa kuonyesha mstari na mzee akimjibu kwa kuonyesha mwingine, na kwa namna hiyo wakafahamiana kuliko watu wengi wanaokodoleana macho mchana kutwa.

Akamweleza yote. Alimwambia habari za kizimba, za mistari iliyoamka na za Lusajo. Akamwambia na habari za kiti, kwamba atakayetoa mkono ndiye atakayekaa. Hakuficha kitu.

Mzee aliweka kisu chini. "Mwanangu yumo humo?"

"Yumo, baba."

"Sasa tunangoja nini? Nitakaa. Nipe viatu."

Tusekile alitamani kulia kwa faraja. Akamsogezea viatu, akachukua miwani yake mezani na kuitia kwenye mfuko wa aproni, kwa sababu mzee akiishika mwenyewe haifiki mbali. Wakatoka. Walipofika kwenye kona ya korido, pale bomba kubwa la mvuke linapopita juu ya vichwa, mzee akasimama. Aliuliza wanakwenda wapi, na kama leo ni Jumapili.

Tusekile akaanza upya. Alieleza tena yote, na kiti pia, haraka haraka kwa sababu muda ulikuwa unakwenda. Safari hii hakupata jibu alilolitegemea. Hakuutazama uso wa mzee, lakini aliiona mikono yake ikiung'ang'ania ukuta wa korido. Kiti kile kilikuwa kimemla mdogo wake, Ambakisye, enzi za mwanzo za sheria, na aliyemfunga mkanda siku hiyo alikuwa Asajile mwenyewe.

"Huko siendi," mzee alisema. "Tusekile, usinipeleke kwenye kiti kile. Nakuomba."

Hakuwa amewahi kumwomba kitu tangu aolewe.

Tusekile alisimama chini ya bomba lile jasho likimchuruzika, na kichwa chake kikagoma. Mtu yule yule, asubuhi ile ile, alikuwa amekubali na amekataa. Lipi lilikuwa jibu lake? Kama la kwanza lilikuwa la baba anayempenda mwanawe, basi la pili ni hofu tu, na hofu hupita. Lakini huenda la kwanza lilikuwa la mtu aliyeshtuliwa kitandani, na hili la pili ndilo la mtu anayekijua kiti kuliko wote. Mzee angekuwa na akili zake timamu, Tusekile angemuuliza mara moja, mambo yakaisha. Sasa kila baada ya muda mfupi alikuwa anazaliwa mzee mwingine mwenye haki ya kuulizwa upya, na Lusajo alikuwa anachemka shimoni.

Kulikuwa na njia nyepesi, na aliichukia tangu ilipomjia. Ilikuwa ni kunyamaza tu.

Akanyamaza. Kisha akaanza kuongea habari za ndizi, kwamba mkungu wa safari hii umekomaa vizuri, kwamba jioni atapika na maharage. Mikono ya mzee ikauachia ukuta polepole. Alitazama huku na huku, akauliza wanakwenda wapi.

"Karakana, baba. Kuna programu imetushinda."

Mzee akacheka. "Nyie watoto," alisema, akatangulia mbele.

*

Alipokaa kwenye kigoda chake mbele ya mtambo, Mzee Asajile alirudi kuwa mtu. Hilo ndilo lililomuumiza Tusekile kuliko yote. Mgongo ulinyooka, sauti ikapata uzito. Akapapasa mfuko wa shati akitafuta miwani, akaikosa, akasema basi nisomee.

Miwani ilikuwa inamgonga Tusekile tumboni ndani ya aproni. Hakuitoa. Alijiambia kwamba ataitoa baadaye kidogo.

Kwanza ilibidi mkono uwe juu ya kibao. Mzee hakukiona vizuri, mkono ukawa unatua pembeni, na hatimaye Tusekile akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliushika mkono wa baba mkwe wake na kuulaza mahali pake. Ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Samahani, baba."

"Samahani ya nini? Kazi ni kazi."

Kibao kikawaka kijani. Maandishi ya kijivu yakageuka meupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Tusekile aliiona programu ikiwa wazi, mshale wa kuandikia ukipepesa ndani ya mstari ukimngoja. Akawa anasoma kwa sauti na mzee anamwambia kila mstari uliwekwa wa nini. Huu ni wa reli laini, futa. Huu pia. Huu ulikuwa wa kisu cha aina ya zamani, futa. Kwenye mmoja alimzuia. Alimwambia huo unakirudisha kisu nyuma kabla kipande hakijageuzwa, na akiufuta kisu kitagonga taya za mtambo. Tusekile akauacha, akafuta mkwaju wake tu, akaendelea. Walitazama kioo wote wawili kama zamani, na kwa kitambo alikaribia kusahau wanafanyia nini.

Mstari wa mwisho ulipoondoka, kioo kikasafishika na maandishi madogo yakatokea katikati: Mwenye mkono huu anakubali kukaa kwenye kiti cha majaribio? Bonyeza kwa mkono huo huo.

Mzee alikunja macho, akasogeza uso karibu. "Kinauliza nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kutoa miwani. Tusekile alijua, na hakuna siku atakayoweza kusema hakujua. Kama angemsomea yale maneno, angepata ndiyo au angepata hapana, na ile hapana aliyoisikia koridoni ilikuwa bado inamlia masikioni. Akamfikiria Lusajo akiuliza kama baba amekula.

"Kinauliza kama umemaliza," alisema.

"Nimemaliza," Mzee Asajile alisema, akabonyeza.

Mtambo ukaanza kuzunguka. Kisu kikashuka, maji meupe ya kupoozea yakamwagika, na kabari ya kwanza ikatoka ikiwa na meno marefu yenye makali. Safari hii Tusekile aliyapima meno, moja baada ya jingine.

*

Kwenye mdomo wa shimo joto lilikuwa linapanda na harufu ya grisi. Waokoaji walishafunga kabari mpya na kujitenga kando. Kizimba cha uokoaji kilikuwa wazi mbele yao, na ndani yake kile kiti cha chuma, kibao chake, mpini mwekundu na simu ukutani. Jaribio lilikuwa jambo la mara moja tu: kizimba kinashushwa kidogo, aliyekaa anavuta mpini, waya unaachia, na kabari ama zinashika ama hazishiki. Chini, kwenye njia ya pili ya shimo lile lile, kabari ya kizimba cha zamu ilikuwa inalia sauti ambayo sasa kila mtu aliisikia bila simu.

Mzee Asajile alikiona kiti na mabega yake yakanyooka. Kiti kile kilimkumbusha kazi yake.

"Nani aliyehariri?" aliuliza. "Aje akae. Mkanda nitamfunga mwenyewe."

Waokoaji wakatazama viatu vyao. Bi Sekela alikuwa na jina la mkono kwenye kishikwambi chake, na hakulisoma.

"Mimi, baba," Tusekile alisema.

Mzee alimsogelea. Akanyoosha mkono akaushika wa Tusekile, kana kwamba desturi haikuwahi kuwapo, akakipapasa kiganja kwa kidole gumba.

"Mkono huu haujaandikishwa. Ulikuja kuniomba, nikakukatalia. Ukaja tena, nikakukatalia tena." Akauachia taratibu. "Nilikukatalia ili usije ukakaa humo."

Miaka yote Tusekile aliamini alimkatalia kwa sababu ya kumdharau. Mzee alikuwa ameshageuka, akiwatazama waliokuwapo mmoja mmoja, akiwatafuta wale wa enzi zake na kukuta hawapo. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza kiganja juu.

"Mkono mwingine karakana kwangu hakuna," alisema. "Basi ni mimi."

"Ni wewe, baba."

"Niliambiwa?"

Mzee hakungoja jibu. Aliuliza ni nani aliye chini, akaambiwa ni Lusajo, na akaingia ndani ya kizimba kwa miguu yake, akijishikilia kwenye fremu. Bi Sekela ndiye aliyemfunga mkanda na kuulaza mkono wake kwenye kibao cha kiti, kikawaka kijani. Winchi ikaunguruma, na kizimba kikazama chini ya ukingo, ndani ya giza.

Kabla hakijatulia, simu ikalia. Tusekile akaipokea.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mzee, na ilikuwa imejaa woga. "Niko wapi hapa? Mbona nimefungwa?"

Bi Sekela alimwinamia sikioni. "Mwambie avute mpini tu," alinong'ona. "Mwambie avute, Tusekile. Hana haja ya kujua zaidi."

Na kweli ilikuwa rahisi hivyo. Angemwambia vuta, angevuta, kwa sababu alimwamini. Tusekile alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa ameshamnyang'anya mzee yule jibu lake mara moja. Akiliiba tena atamrudishia lini?

"Baba, umekaa kwenye kiti cha majaribio," alisema. "Tumefuta mistari kwenye programu ya kabari, na mkono uliofuta ni wako. Kulia kwako kuna mpini. Ukiuvuta, waya utaachia, na kabari zisiposhika utaanguka. Lusajo amenasa njia ya pili, na winchi haitatufungukia tukamchukue mpaka uvute. Nilikueleza haya nyumbani ukakubali. Nikakueleza koridoni ukakataa, ukaniomba nisikulete. Mara ya tatu sikukueleza. Kioo kilipouliza kama unakubali kukaa hapo nilikwambia kinauliza kama umemaliza. Miwani yako ninayo mimi."

Kabari ya chini ililia tena, kwa muda mrefu.

"Na nikikataa sasa?" mzee aliuliza.

Bi Sekela alifumba macho. Tusekile alimwona Lusajo waziwazi, shati lake limegandana na mwili, akisikiliza vishindo vya juu na kudhani wanakuja.

"Tutakupandisha, baba," alisema, na alipolisema alijua ni kweli, na akajichukia kwa hilo pia.

"Hiki ndicho kiti cha Ambakisye."

"Ndicho."

"Alikuwa anaogopa giza," mzee alisema. "Hakumwambia mtu ila mimi."

Waya uliokuwa umekazika mbele yao ukalegea ghafla, chuma kikagonga chuma, na kutoka shimoni ukapanda mkwaruzo uliowafanya waokoaji wazibe masikio. Kisha ukakatika. Hakuna kilichoendelea kuanguka. Tusekile alikuwa bado ameshika simu, hana habari kama anapumua au hapumui, alipoiona taa ya winchi ikigeuka kijani na watu wakaanza kukimbia kushika kamba, mitungi ya hewa na machela. Mmoja alikuwa anapiga kelele kwenye simu ya kizimba cha zamu kumwambia Lusajo wavumilie, wanakuja.

"Tusekile." Sauti ya mzee ilikuwa tulivu sasa.

"Naam, baba."

"Nimefikiri. Huyo ni mwanangu. Niambie tu lini nivute."

Tusekile alijipangusa machozi kwa aproni.

"Umeshavuta, baba," alisema. "Imeshika."

Akamwambia hivyo tena, na tena, kila alipouliza, mpaka kizimba kikafika juu.